Kilima cha karibu ndicho kinachokula mawimbi

Programu ya kompyuta ya kukadiria safari ya mawimbi ya redio iliniambia nitasikika Tanga, nikaamini. Nikapanda juu ya paa, nikafunga antena ya Yagi, ile inayorusha zaidi upande mmoja, kwenye mwanzi, nikaielekeza mashariki na kusini kidogo, kisha nikakaa jioni tatu mfululizo nikiita kwenye megahezi 145. Rafiki yangu wa Tanga, redio iko mezani kwake, akawa ananipigia simu: "Vipi, umeshaanza kuita?" Nilikuwa naita tangu saa moja.

Naishi Lushoto, na kazi yangu ni upimaji wa ardhi. Kwa hiyo aibu ya jambo hili ilikuwa kubwa kuliko hasara yake. Nitafika kwenye kosa lenyewe, ila kwanza niseme data za mwinuko zinatoka wapi, maana sisi wa redio za ridhaa wengi tunazitumia ndani ya programu bila kujua tumeshika nini.

Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na antena moja ya rada kwenye sehemu yake ya mizigo na nyingine kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60. Antena mbili zikisikiliza mwangwi wa sehemu ileile kutoka pembe zinazotofautiana kidogo, unaweza kukokotoa kimo cha sehemu hiyo, kama macho mawili yanavyokupa umbali. Kazi hiyo huitwa SRTM, na ilipima nchi kavu kati ya nyuzi 60 kaskazini na 56 kusini. Kwa miaka mingi sisi huku tulipewa toleo la hatua za mita 90. Toleo la mita 30 lilipoanza kufunguliwa mwaka 2014, Afrika ndiyo iliyotangulia kwenye foleni, jambo lisilotokea kila siku.

Data zimekatwa vipande vya nyuzi moja kwa nyuzi moja. Lushoto imo kwenye kipande cha S05E038, jina likitaja kona yake ya kusini-magharibi. Ukikifungua unakuta namba tupu, 3,601 kwa 3,601, kila namba ni mwinuko kwa mita. Ukikutana na -32768 usidhani umegundua shimo la kuzimu; hapo rada haikuona kitu, mara nyingi kwa sababu genge lilikinga. Programu kama Radio Mobile ya Roger Coudé au SPLAT! ya John Magliacane huzichukua namba hizi na kukuchorea mkato wa ardhi kutoka antena yako hadi ya mwenzako, kama vile umelikata boga na kulitazama kwa ubavuni.

Sasa tazama mkato wa Lushoto hadi Tanga. Ni kilomita 95 hivi kwa mstari ulionyooka. Mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 na Tanga iko baharini, kwa hiyo mtu anadhani ni kutelemka tu. Lakini katikati, kama kilomita 43 kutoka kwangu, imelala Usambara Mashariki, ambako kilele cha Nilo kinapita kidogo mita 1,500 na migongo mingi iko karibu na mita 1,000. Mstari wa macho kutoka Lushoto, ukifika hapo, umeshashuka hadi mita 766.

Halafu kuna mviringo wa dunia. Mawimbi hupinda kidogo kufuata anga, kwa hiyo huwa tunaihesabu dunia kana kwamba nusu kipenyo chake ni theluthi nne za kile cha kweli. Hesabu inabaki rahisi: zidisha kilomita za upande mmoja kwa za upande wa pili, gawanya kwa 17, utapata mita ambazo ardhi "imevimba" katikati. 43 mara 52, gawanya kwa 17: mita 131. Toa kwenye 766, zinabaki 635. Mgongo wa mita 1,000 unakinga mstari wangu kwa zaidi ya mita 350.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na si lazima. Mawimbi ya megahezi 145, yenye urefu wa mita mbili, hujikunja yanapogusa ukingo wa mlima, na sehemu yake huangukia upande wa pili. Mgongo ukigusa tu mstari unapoteza desibeli 6, yaani inabaki robo ya nguvu. Kwa mgongo ule unaokinga kwa mita 350, ukiuchukulia kama makali ya kisu, hasara ni desibeli 20 hivi. Inabaki sehemu moja ya mia. Hasara hiyo ni kubwa, lakini wati 50 na antena nzuri pande zote mbili zinaweza kuimeza.

Kumbe adui alikuwa karibu. Mashariki ya nyumba yangu, kilomita moja tu, kuna kilima kinachopita antena yangu kwa mita 200. Watu hawakihesabu, hakina hata jina kwenye ramani, watoto hukipanda kutafuta kuni. Fanya hesabu ileile ya makali ya kisu na utapata karibu desibeli 29, inabaki chini ya sehemu moja ya mia saba. Kilima hiki kinakinga kimo kidogo kuliko Usambara Mashariki yote, lakini kinakula zaidi, kwa sababu kiko puani pangu na mawimbi hayana nafasi ya kujikunja. Hasara zote mbili zikijumlishwa, kiredio cha mkononi cha wati 5 hakina habari. Siku hizi mtu akiniletea mkato wa ardhi, naanza na kilomita mbili za kwanza za kila upande kabla sijatazama milima mikubwa ya katikati.

Je, programu haikukiona kilima hicho? Ilikiona. Tatizo ni pale nilipoiambia kwamba nipo. Majira ya nyumba yangu, yaani namba zinazotaja mahali ilipo, niliyatoa kwenye karatasi ya zamani ya ramani ya 1:50,000, niliyoizoea kazini. Ramani zile zimejengwa juu ya datumu, yaani msingi wa kupimia majira, ya Arc 1960. SRTM na GPS hutumia datumu nyingine, WGS84. Kwa huku kwetu ukichukua namba za Arc 1960 na kuziingiza kama za WGS84, unajikuta umehama karibu mita 300 kaskazini na kama 90 magharibi. Kwenye mbuga usingeona tofauti. Lushoto, mita 300 zilinitoa bondeni zikaniweka begani mwa mlima, mita 150 juu ya paa langu, nikikitazama kile kilima karibu usawa wa macho. Mpimaji mzima! Nimewahi kumkaripia kijana wa mafunzo kwa kosa hilohilo.

Na vimo navyo vina mtego wake. SRTM huhesabu kutoka usawa wa bahari, ila baadhi ya GPS za kazi hukupa kimo kutoka elipsoidi, lile umbo laini la kihesabu la dunia, na pwani yetu usawa wa bahari uko chini ya elipsoidi kwa makumi ya mita. Ndiyo maana ukisimama ufukweni Tanga kifaa kinaweza kukuandikia namba hasi nawe miguu imekauka.

Baada ya kusahihisha majira niligeuza swali. Badala ya kuuliza nyumba yangu inaona nini, niliweka antena kwa rafiki yangu Tanga na kuiagiza programu ipake rangi kila mahali Lushoto ambapo mawimbi yake yanafika kwa nguvu ya kutosha. Njia ni ileile kwenda na kurudi. Kiwanja changu kikabaki cheusi. Pakawaka utepe mwembamba juu ya mgongo, na ndani ya utepe huo limo shamba la mjomba.

Nilikwenda. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Umeleta mashine ya kupima mpaka tena?" Nikamweleza kwamba nataka kusimika mwanzi tu, mpaka hauguswi. Akanionyesha kona anayoiona imeinuka. Kona yenyewe ina mikaratusi mirefu upande wa mashariki, na hapo data hazikunisaidia: rada ile haikupenya majani vizuri, kwa hiyo mahali penye msitu mwinuko unaousoma ni wa katikati ya miti na udongo, na pikseli moja ya mita 30 imeshasawazisha miti, njia na ukingo wa genge kuwa namba moja. Ilibidi nitembee. Hatua 20 kusini, miti ikaisha na upeo ukafunguka.

Kwa masafa ya chini, tuseme megahezi 14, hadithi ni nyingine, na niiguse tu. Kule unataka mawimbi yaondoke yakiwa yamelala, yakagonge mbali ayonosfia, tabaka la juu la anga linaloyarudisha chini. Antena ya mlalo iliyo mita 10 na nusu juu ya ardhi tambarare hurusha zaidi kwenye pembe ya nyuzi 30. Mbele yake kukiwa na mteremko wa nyuzi 10, pembe hushuka hadi karibu 20. Ardhi inayohusika ni ya kilomita chache tu mbele ya antena. Genge la Irente, linaloanguka karibu mita 1,000 hadi Mazinde, ni mali isiyo na bei kwa mtu wa masafa hayo, mradi mawasiliano anayoyataka yawe upande wa magharibi.

Jioni ile shambani, na betri ya gari kwenye toroli, nilisikia sauti ya Tanga ikiwa na mchakacho kidogo lakini kila neno likieleweka. Mjomba akasikiliza, akauliza kama huyo mtu anatusikia na sisi pia. Alipojibiwa kwa jina lake alicheka, halafu akatazama mwanzi, akatazama wingu lililokuwa linapanda kutoka Mombo, akasema nikiuacha hapo usiku radi itautafuta. Tuliushusha kabla ya giza.