Mboga si sumu kwa samaki wa mapambo

Ujumbe unaosambazwa mara kwa mara katika makundi ya WhatsApp hudai kwamba mboga ni sumu kwa samaki wanaofugwa katika matangi ya kioo, na kwamba chakula cha pakiti pekee ndicho salama. Dai hilo si kweli. Samaki wa dhahabu hula mimea na wadudu pia. Isome pakiti yenyewe: mara nyingi utakuta imeandikwa ngano, soya au mwani.

Hofu hiyo, hata hivyo, ina chanzo kinachoeleweka. Kipande cha tango kikisahauliwa tangini huoza, amonia (kemikali yenye sumu itokanayo na uozo) hupanda majini, na samaki huweza kufa; naye mfugaji, akikiona kipande kile kando ya samaki aliyekufa, huilaumu mboga badala ya maji yaliyochafuka. Kipimo cha amonia, ambacho huuzwa pamoja na vifaa vya matangi, kitamwonyesha hali halisi. Osha mboga vizuri, kwa kuwa dawa za shambani zina madhara ya kweli, chemsha njegere bila chumvi na uzimenye, toa kidogo, kisha ondoa masalio siku hiyo hiyo. Tafadhali usiusambaze tena ujumbe huo, na aliyekutumia mweleze kwa upole.