Ustawi wa mifugo: mfugaji anahangaika kwa ajili ya nini?

Ustawi wa mifugo ni hali ya mnyama mwenyewe, jinsi anavyoishi na anavyojisikia siku hadi siku. Si afya peke yake. Ng'ombe anaweza asiwe na ugonjwa wowote na bado akawa taabani, kasimama kwenye tope la mavi mchana kutwa kwa kuwa hana pakavu pa kulala. Kipimo kinachotajwa sana kina mizizi Uingereza, katika ripoti ya kamati ya Brambell ya mwaka 1965, na hujulikana kama uhuru wa aina tano: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikae kwenye adha, asiachwe na maumivu au maradhi, asiishi kwa hofu, na apate nafasi ya kufanya yale ya asili yake. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Ila hakuna anayesoma sheria kabla ya kwenda kukata majani. Swali la mfugaji ni moja: nikihangaika hivi, napata nini?

Wachumi huyagawa majibu mafungu mawili. Kuna thamani ya matumizi, yaani mnyama akitunzwa vizuri analipa. Na kuna thamani isiyo ya matumizi: senti haiongezeki, lakini mfugaji hataki kiumbe kiteseke mikononi mwake, au anamwogopa Mungu, au anaona haya jirani akipita na kukuta ng'ombe mbavu nje.

Fungu la kwanza utalikuta kwenye banda la ng'ombe wa maziwa. Chukua maji tu. Maziwa ni maji kwa karibu asilimia 87, na ng'ombe anayekamuliwa huhitaji lita 3 hadi 5 za maji kwa kila lita anayotoa. Kwenye vihamba vya Kilimanjaro, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, ambako ng'ombe hufungwa bandani na kuletewa majani, utakuta mwingine anapewa ndoo asubuhi na ndoo jioni, basi. Mwenyewe analalamika pumba zimepanda bei na maziwa hayaongezeki, kumbe ng'ombe ana kiu.

Au ukamuaji. Ukipangusa kiwele kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, ubongo huachia homoni ya oksitosini, na baada ya dakika moja hivi chuchu zinajaa, maziwa yameshuka. Mchape fimbo wakati wa kumfunga, adrenalini, homoni ya woga, inaizuia ile oksitosini na maziwa yanabanwa juu. Watu watasema ng'ombe huyu mkorofi. Mkorofi ni mwenye fimbo. Malalo machafu nayo huleta ugonjwa wa kiwele, ambao unakutoza mara mbili: dawa, halafu maziwa ya kumwaga mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe.

Hadi hapo huruma na mfuko vinakwenda pamoja, na semina nyingi hupenda kuishia hapo. Mimi naona ugumu wa dhana hii unaanzia mbele kidogo. Ndama anayechomwa pembe kwa chuma cha moto atakua na kukamuliwa hata asipopigwa sindano ya ganzi; anayelipia ganzi anaongeza gharama tu. Kuku wa mayai akibanwa kwenye kizimba asichoweza hata kutandaza mabawa, bado anataga, tena kwa gharama ndogo. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya haukusubiri faida iwashawishi wafugaji: ulipiga marufuku vizimba vya namna hiyo, visivyo na kiota wala pa kutua, kuanzia 2012.

Baba yangu mdogo alikuwa na ng'ombe aliyeacha kushika mimba. Mchinjaji alikuja mara mbili akaondoka mikono mitupu. "Huyu ndiye aliyelipa ada zenu," mzee alituambia, akaendelea kumkatia majani miaka miwili. Mama mdogo alimkumbusha kila jioni kwamba majani yale yangetosha kukuza mtamba, na kwa hesabu za daftari alikuwa sahihi kabisa.