Karatasi ya mnada: ile "4.5" ya gari la Japani inamaanisha nini?

Zunguka yadi za magari za Ngong Road au Kiambu Road jijini Nairobi ukiulizia gari lililoshuka juzijuzi kutoka Japani, na hata boneti haijafunguliwa utakuwa umeshaambiwa gredi. "Hii ni 4.5, bosi." Muuzaji huitaja kama mzazi anayetaja alama za KCSE za mwanawe, na mnunuzi naye huitikia kwa kichwa, mjadala ukaishia hapo. Wanaoagiza wenyewe kwa simu bila kupitia yadi nao huanzia hapohapo: wanachuja orodha ya magari ya mnada, gredi 4 kwenda juu, mengine hawayatazami.

Namba hiyo hutoka kwenye karatasi ya mnada, na kwa maoni yangu ndiyo inayosema machache kuliko kila kitu kingine kilichoandikwa pale.

Karatasi ya mnada ni ripoti ya ukurasa mmoja inayoandikwa na mkaguzi wa kampuni ya mnada kule Japani, gari linapopelekwa mnadani na kabla halijauzwa. Huonyesha mwaka wa usajili wa kwanza, mileji, ukubwa wa injini, aina ya gia, vifaa vilivyomo, gredi ya jumla, gredi ya ndani, mchoro wa bodi wenye alama za kasoro, na maelezo mafupi ya mkaguzi. Lugha ni Kijapani, na karatasi nyingi huandikwa kwa mkono, kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka.

Haraka hiyo ina sababu. USS, kampuni kubwa kuliko zote za minada ya magari Japani, ilianzishwa mwaka 1980 katika jimbo la Aichi, na leo ina viwanja kuanzia Sapporo kaskazini hadi Kyushu kusini. Kwenye kiwanja kikubwa magari huuzwa kwa maelfu kwa siku moja, kila gari likichukua sekunde chache tu, wanunuzi wakibonyeza kitufe mbele ya skrini au kupitia intaneti. Hakuna anayepata nafasi ya kuchuchumaa chini ya kila gari na tochi. Karatasi ndiyo jicho lao, na wanaoitegemea hasa ni wafanyabiashara wenzao wa magari. Anayenunua mnadani lazima awe mwanachama, mwenye leseni ya Japani ya kuuza vitu vilivyotumika. Kwa hiyo mtu aliyekaa mtaani Umoja na simu yake hapigi bei yeye mwenyewe. Anaweka amana kwa kampuni inayouza magari nje, anaitajia kiwango chake cha juu kwa yen, na kampuni hiyo ndiyo inayobonyeza kitufe. Likishapatikana, bei ya mnada huongezewa ada za mnada, usafiri wa kufikisha gari bandarini kule na kamisheni ya wakala, kisha nauli ya meli hadi Mombasa. Hapo ndipo wengi wanapogundua kwamba bei waliyoitaja haikuwa bei ya gari.

Kuna jambo lingine la kuelewa kuhusu uaminifu wa karatasi hii. Inaaminika kwa sababu mwanachama aliyenunua akikuta gari haliko kama lilivyoandikwa anaweza kulalamika na kudai. Lakini madai mengi yana siku chache tu za kuyawasilisha, na haki hiyo ni ya mwanachama. Gari likitumia mwezi au zaidi baharini na bandarini, likifika Nairobi ukaligundua lina tatizo, dirisha hilo lilishafungwa zamani. Ndiyo maana kusoma karatasi vizuri ni kazi ya kabla ya mnada.

Sasa gredi zenyewe. S na 6 ni magari yaliyo karibu mapya. 5 ni safi sana, 4.5 ni safi yenye dosari ndogondogo, 4 ni zuri kwa umri wake, 3.5 lina mikwaruzo na mibonyeo ya kuonekana au limekimbia sana, na 3 linahitaji fundi wa bodi. Chini ya hapo kuna 2 na 1, na pembeni kabisa kuna R na RA, yaani yaliyotengenezwa baada ya kugongwa. Ndani ya gari hupewa herufi kuanzia A. Kampuni za minada hazilingani kabisa katika vipimo hivi: 4 ya mahali pamoja inaweza kuwa 3.5 ya kwingine. Na mileji huingizwa humo pia, kiasi kwamba gari lililotunzwa vizuri likikosa 4.5 huenda kosa lake pekee ni kilomita.

Utamu uko kwenye mchoro. Huwa chini ya karatasi, gari likiwa limetandazwa kana kwamba limefunguliwa pande zote, na juu ya kila sehemu yenye kasoro kuna herufi na tarakimu. Tuseme umeletewa karatasi ya Toyota Fielder ya cc 1500, gredi 4, ndani B. Mlango wa mbele wa kushoto umeandikwa A1. A ni mkwaruzo na 1 maana yake mdogo. Polishi inaweza kuumaliza. Bampa ya nyuma ina U2, yaani pamebonyea kwa kiasi cha kuonekana ukiwa umesimama kando. Ingekuwa B2, pangekuwa pamebonyea na kukwaruzwa pamoja. Fenda ya nyuma kulia ina W2, na hapo simama kidogo: W ni mahali palipowahi kunyooshwa na kupigwa rangi, na 2 inasema mkaguzi ameona mawimbi kwenye bati. Boneti ina XX, maana yake imebadilishwa. X moja ingemaanisha inahitaji kubadilishwa. Kioo cha mbele kina G, kijiwe kimekirukia. Ukikuta S ni kutu, C ni kutu iliyoanza kula chuma, Y ni ufa.

Gari hili lina gredi 4, na lina boneti mpya na fenda iliyonyooshwa. Je, liligongwa? Ndiyo, mahali fulani liligusana na kitu. Lakini kwa wakaguzi wa Japani gari lenye historia ya kutengenezwa ni lile lililoharibika au kubadilishwa sehemu za muundo wenyewe: fremu, nguzo za milango, paa, sakafu, au ukuta unaotenga injini na abiria. Boneti, milango, fenda na bampa havihesabiwi. Kwa hiyo muuzaji anayekuambia "hili halina ajali, ona gredi" anasema kweli kwa kipimo cha kule, ilhali wewe kwa kipimo cha Nairobi ulikuwa unauliza kitu kingine.

Kinyume chake pia hutokea. Gari linaweza kupewa R kwa sababu ncha ya mbele ya fremu ilikunjwa kidogo katika ajali ya mwendo wa pole, likanyooshwa vizuri, na likaendeshwa miaka bila shida. Lingine limepewa R hiyohiyo baada ya kugongwa ubavuni hadi nguzo ikakatwa na kuchomelewa. Herufi ni moja, magari ni mawili tofauti kabisa. Wakala wako akishindwa kukuambia ni sehemu gani ya muundo iliyoguswa, achana nalo.

Wengi huvutiwa na R kwa sababu ya bei. Hapa kuna hesabu ambayo matangazo hayaitaji: KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haisomi gredi. Thamani ya gari lililotumika kwa ajili ya ushuru hutokana na bei iliyoorodheshwa na KRA kwa modeli hiyo, ikipunguzwa kulingana na umri. Kwa viwango vya 2025, gari la injini isiyozidi cc 1500 hutozwa ushuru wa forodha asilimia 35, kisha ushuru wa bidhaa asilimia 20 juu ya thamani pamoja na ushuru huo, kisha VAT asilimia 16 juu ya jumla ya vyote, pamoja na ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2 ya thamani ya forodha. Thamani ikiwa shilingi 500,000, serikali inachukua kama 462,000. Gredi 5 au R, kodi ni ileile, nauli ya meli ni ileile, gharama za bandarini ni zilezile. Unachookoa ni tofauti ya bei ya mnada tu, na siku ya kuliuza gari, mnunuzi mwenye macho ataidai tofauti hiyo kwako. Mimi nisingenunua R ila kama nina nia ya kulitumia mpaka lizeeke mikononi mwangu.

Karatasi ina mipaka yake. Mkaguzi huwasha injini, husikiliza, huandika akiona mafuta yanavuja au moshi usio wa kawaida, lakini halipeleki gari barabarani kupanda mlima. Gia ya CVT, ile ya otomatiki isiyo na hatua, inayoanza kuchoka ikipata moto haitajionyesha kwenye uwanja wa mnada. Kitu cha kutafuta hapo ni kama mkaguzi ameandika kwamba kitabu cha sevisi kipo. Maelezo haya yasiyo na tarakimu ndiyo ambayo tafsiri za haraka huyaruka: harufu ya sigara, kiti kilichoungua, ufunguo wa akiba haupo, sehemu ya chini ina kutu. Hilo la kutu lisikupite. Magari ya Hokkaido na mikoa ya theluji hupita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi, na chumvi hula chuma kutoka chini. Ukiona mnada ni wa Sapporo au Niigata, omba picha za chini ya gari. Likishapuliziwa rangi nyeusi kule chini na kuegeshwa yadini, hutaona kitu.

Redio nayo haitatajwa kama kasoro, kwa kuwa kwao si kasoro: FM ya Japani inaishia 95, yetu inapanda hadi 108. Ekspanda, kifaa cha kuifanya redio ishike stesheni zetu, utainunua tu.

Mwaka umeandikwa kwa hesabu ya enzi za Kijapani. H ni Heisei, jumlisha 1988. R kwenye sehemu ya mwaka ni Reiwa, jumlisha 2018. Enzi zilibadilika tarehe 1 Mei 2019, hivyo mwaka 2019 una H31 na R1. Kwa mnunuzi wa Kenya tarakimu hii ina uzito kuliko gredi yoyote, kwa sababu kiwango cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kiitwacho KS 1515, hakiruhusu gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Linaloingia 2026 linatakiwa liwe limesajiliwa kuanzia 2019. H30 ya Desemba imeshapitwa. H31 ya Januari inapita. Karatasi huonyesha pia usukani uko upande gani, na lisilo la kulia usilitazame mara mbili, maana huko mnadani yapo magari ya Ulaya yenye usukani wa kushoto.

Na zile karatasi zinazotumwa kwa WhatsApp? Picha huhaririwa. 3.5 hugeuzwa 4.5, tarakimu ya mileji hufutwa, au sehemu ya chini yenye maelezo hukatwa kabisa. Karatasi halisi ina jina la mnada, tarehe na namba ya gari mnadani, na kuna huduma mtandaoni ambazo kwa ada ndogo hukutafutia nakala ya asili kwa kutumia namba ya chasisi. Muuzaji anayeficha tarakimu za mwisho za chasisi ana haki ya kulinda biashara yake mpaka utakapoonyesha nia ya kulipa. Baada ya hapo hana sababu. Mileji ilinganishe na cheti cha kufutia usajili cha Japani, ambacho huja na gari na hutumika kulisajili hapa. Kwenye yadi, omba kuona nakala ya vyote viwili kabla ya kuanza kuteta bei.

Magari ya Uingereza, ambayo nayo ni mengi Nairobi, hayaji na karatasi ya aina hii. Yenyewe hukaguliwa kila mwaka yakishafikisha miaka mitatu, na mtu yeyote mwenye namba ya usajili ya kule anaweza kusoma bure kwenye tovuti ya serikali yao gari lilifaulu lini, lilifeli kwa nini, na mileji ilikuwa ngapi kila mara. Mileji hiyo ni ya maili. 60,000 ni kama kilomita 96,500. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha gari la Uingereza na kukutajia gredi, muulize ni nani aliyeipima.