Je, wajua kwa nini Yoshua aliambiwa aache kuomba?

Mwezi ukiwa mpevu, mwalo wa Kibirizi mjini Kigoma hupoa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na penye mbalamwezi taa haina nguvu ya kuwakusanya. Wavuvi hushona nyavu, wachuuzi hupata nafasi ya kwenda mkesha. Maombi yenyewe yanajulikana: Bwana fungua njia, Bwana leta wateja, vunja kila kifungo cha biashara.

Asubuhi, watu wakirudi makwao, swali huwa lile lile. Kama Mungu ni wa neema, kutii kunaingiaje kwenye maombi? Mbona wahubiri hawachoki kuviweka pamoja?

Tuanze na Yoshua, sura ya 7. Israeli wamekwisha kuiangusha Yeriko, kisha wanapeleka watu kama 3,000 tu kwenye mji mdogo wa Ai. Wanapigwa, wanakimbia, 36 wanauawa. Yoshua anafanya ambalo kiongozi yeyote wa kiroho angefanya: anararua mavazi, anaanguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana hadi jioni. Jibu analopewa linashangaza. Anaambiwa ainuke, anaulizwa mbona ameanguka hivyo. Kumbe kuna mtu, Akani, amechukua vitu vya Yeriko vilivyokatazwa: joho zuri la Shinari, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu ya shekeli 50. Amevifukia hemani mwake, fedha ikiwa chini kabisa.

Yaani Yoshua alikuwa anaomba apewe jambo ambalo jibu lake halikuwa mbinguni. Lilikuwa chini ya hema.

Sasa rudi Kibirizi. Dagaa walioanikwa juu ya chanja hutoka safi. Walioanikwa chini hubeba mchanga. Mchuuzi asiye mwaminifu huwatanguliza wa mchanga kwenye gunia, kisha juu akafunika na wa chanja wanaong'aa. Mnunuzi wa Tabora akifungua gunia lake nyumbani, hatarudi kwa mchuuzi yule. Mchuuzi naye yuko kwenye mkesha, amefunga siku tatu, anaomba wateja. Mimi sidhani kama pepo wa kumfukuzia wateja anahitajika hapo.

Ndiyo maana Mithali 28:9 inasema bila kupaka mafuta kwamba anayegeuza sikio asiisikie sheria, hata sala yake ni chukizo. Isaya 58 ni kali zaidi: watu wanafunga, huku siku hiyo hiyo wanawaonea wafanyakazi wao. Naye Petro, katika waraka wake wa kwanza 3:7, anawaonya waume waishi na wake zao kwa heshima, ili maombi yao yasizuiliwe. Mstari huo sijausikia ukisomwa mara nyingi kwenye makongamano ya wanaume.

Yesu aliliweka kwa namna ambayo wasikilizaji wake wa Galilaya lazima iliwashtua. Ukileta sadaka madhabahuni, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache pale, nenda kwanza ukapatane naye (Mathayo 5:23-24). Madhabahu ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Ni kama mtu atembee kutoka Kasulu hadi Kigoma Mjini, afike kwenye ngazi za kanisa, ndipo aambiwe arudi Kasulu akaongee na wifi yake aliyemnunia. Na angalia: hakuambiwa asitoe sadaka. Aliambiwa arudi, kisha aitoe.

Lakini hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanaligeuza jambo kuwa malipo: tii hiki, upewe kile. Wanamnukuu aliyesema katika Yohana 9:31 kwamba Mungu hawasikii wenye dhambi, wakisahau kuwa maneno yale ni ya kipofu aliyeponywa, akibishana na Mafarisayo. Katika Luka 18, mtoza ushuru hakuwa na utii wowote wa kuonyesha. Alijipiga kifua akaomba rehema, akashuka nyumbani amehesabiwa haki kuliko Farisayo aliyefunga mara mbili kwa juma. Kukiri kosa ndiko kulikokuwa mwanzo wa kutii kwake.

Na Yesu, aliyetii kuliko wote? Gethsemane aliomba mara tatu kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka. Waebrania 5 inasema alisikilizwa, kisha papo hapo inasema alijifunza kutii kwa mateso yaliyompata. Kwa hiyo maombi pia huzaa utii. Mtu huingia akitaka lake, akatoka ana nguvu ya kufanya la Mungu.

Basi mtu akienda kumwombea mgonjwa pale Ujiji, akamwambia "hujapona kwa sababu hujatii", ajiulize Gethsemane anaiweka wapi. Swali la kutii ni la mwombaji kujiuliza mwenyewe, akiwa na gunia lake mkononi. Kumtwisha mgonjwa kitandani ni kazi ya rafiki zake Ayubu, nao waliambiwa wazi kwamba hawakunena yaliyo sawa.