Kuhara: maana yake, chanzo chake na dalili zake

Kuhara, au kuharisha, ambako kwa lugha ya staha huitwa kuendesha, ni kupata choo cha majimaji mara tatu au zaidi katika saa 24. Kigezo hiki, ambacho ndicho kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani, kinatazama wingi na wepesi wa choo kwa pamoja. Anayekwenda haja mara nyingi lakini akapata choo kilichoshikana haharishi; wala choo chepesi cha mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee si kuhara, kwa kuwa huwa hivyo kwa kawaida. Kwake huyo, mama aangalie kama choo kimezidi kuwa maji kuliko siku zote.

Kwa siku moja utumbo wa mtu mzima hupokea takriban lita 8 hadi 9 za majimaji, yaani anayokunywa pamoja na mate, nyongo na mengineyo yatokayo mwilini, na karibu yote hufyonzwa yakarudi kwenye damu. Vimelea vikijeruhi kuta za utumbo, ufyonzaji huo hupungua. Sumu ya bakteria wa kipindupindu huulazimisha utumbo wenyewe kumwaga maji na chumvi, ndiyo maana choo cha mgonjwa wake hufanana na maji yaliyooshea mchele. Kinachoua haraka, basi, ni upungufu wa maji na chumvi mwilini.

Vimelea hivyo hutoka kwenye kinyesi na kuingia kinywani kupitia maji machafu, mikono isiyonawiwa, nzi, au kiporo kilicholiwa bila kupashwa moto vizuri. Kwa watoto wadogo, kuhara kukali mara nyingi huletwa na virusi vya rota, ambavyo chanjo yake ya matone hutolewa kliniki nchini Tanzania na Kenya. Choo chenye damu mara nyingi ni dalili ya bakteria wa shigela, na pengine amiba. Zipo pia dawa, hasa antibiotiki, zinazoharisha. Kuhara kukifikisha siku 14, mgonjwa anahitaji kuchunguzwa.

Katika sehemu za Tanzania ipo imani kwamba mtoto mwenye homa na kuhara ana “meno ya plastiki” yanayopaswa kung’olewa. Nailaani waziwazi, kwa sababu weupe unaoonekana kwenye ufizi ni meno yake ya kawaida ambayo hayajachomoza, na kuyachokonoa ni kumtia jeraha na maambukizi mtoto ambaye tayari anapoteza maji.

Upungufu wa maji hujionyesha kwa kiu, mdomo kukauka, mkojo kuwa haba, macho kuingia ndani na kulia bila machozi. Kwa mtoto mchanga, utosi hubonyea. Bana taratibu ngozi ya tumbo la mtoto, kando ya kitovu, kisha uiachie. Ngozi ya mtoto mwenye maji ya kutosha hurudi papo hapo, lakini ikibaki imejikunja kwa zaidi ya sekunde 2, hali ni mbaya na mtoto akimbizwe hospitali.

Wapo wanaomnyima mgonjwa kinywaji wakidhani tumbo litafunga, na hapo ndipo humwongezea hatari. Hata wakati wa kuhara, utumbo bado unaweza kufyonza sukari na chumvi kwa pamoja, na maji huzifuata. Kazi ya ile dawa ya chumvichumvi (ORS), yaani unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji, ni hiyo. Pakiti yake ya kawaida huchanganywa na lita 1 kamili ya maji safi, kwani ikimiminwa kwenye kikombe kimoja chumvi huzidi na kumdhuru mtoto. Mnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Anyonyeshwe na alishwe kama kawaida, na apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu.