Hati safi ya CAG ni ya hesabu, si ya halmashauri

Kila mwaka nchini Tanzania, ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikishawasilishwa bungeni, maneno yanajirudia. Mkurugenzi anasimama mbele ya baraza la madiwani na kutangaza kwamba halmashauri imepata hati safi, mara nyingine "kwa mwaka wa tano mfululizo", na meza zinapigwa. Siku chache baadaye mwananchi anasoma kwamba katika halmashauri hiyohiyo makusanyo ya mashine za POS, zile za kukusanyia ushuru, hayakupelekwa benki na kuna vikundi vya mikopo ambavyo havijulikani viliko. Anauliza: sasa hiyo hati ni safi ya nini? Wengine wanaamua kwamba CAG amehongwa. Wengine wanaamua kwamba gazeti limesema uongo. Pande zote mbili zimekosea, kwa sababu habari zote mbili zinaweza kuwa za kweli kwa wakati mmoja.

Hati safi ni maoni ya CAG kwamba taarifa za fedha za taasisi, kwa mwaka ulioishia 30 Juni, zimeandaliwa kwa kufuata viwango vya uandaaji wa hesabu (kwa halmashauri ni IPSAS, viwango vya kimataifa vya sekta ya umma) na zinaonyesha hali halisi ya fedha katika mambo yote ya msingi. Jina lake la kitaalamu ni hati inayoridhisha. Baada yake kuna hati yenye shaka, kisha hati isiyoridhisha, ambayo wengi huiita hati mbaya au hati chafu, na mwisho kuna hali ambapo mkaguzi anashindwa kutoa maoni kwa sababu hakupewa vielelezo vya kutosha. Kazi hii CAG anaifanya kwa mamlaka ya Ibara ya 143 ya Katiba na Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008. Halmashauri inafunga hesabu na kuziwasilisha ifikapo 30 Septemba, na CAG anakabidhi ripoti kwa Rais kabla ya Machi kuisha.

Maana ni hiyo tu. Kinachowapoteza watu ni kudhani kwamba mkaguzi amepita kata kwa kata na kusema fedha zimetumika vizuri. Swali analolijibu kwenye hati ni jembamba kuliko hilo: je, kilichoandikwa kwenye vitabu ndicho kilichotokea? Kama kilichotokea kilikuwa kibaya na kimeandikwa kama kilivyo, vitabu ni sahihi.

Chukua mikopo ya asilimia 10, kwa sababu hapo ndipo panapoonekana vizuri zaidi. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kikishakopeshwa, fedha ile haiitwi matumizi. Inaingia kwenye vitabu kama deni ambalo halmashauri inadai. Sasa tuseme kikundi kilichopewa milioni 20 hakipo. Katiba yake ilinakiliwa, mhtasari wa kikao ulitungwa, na watu waliofungua akaunti wametoweka. Mhasibu akiendelea kuonyesha milioni 20 kama deni litakalolipwa, vitabu vinadanganya, na makosa ya aina hiyo yakijumlishwa yanaweza kuleta hati yenye shaka. Lakini mhasibu akitenga kiasi hicho kama deni lisilotarajiwa kulipika na kulieleza kwenye maelezo ya hesabu, vitabu vinasema kweli: tulikopesha, na hatutarajii kurudishiwa. Fedha ya umma imepotea, na hesabu ni safi. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hii ili kupanga upya namna ya kuitoa, baada ya CAG kueleza marejesho yasiyokusanywa na vikundi hewa, na idadi kubwa ya halmashauri zilizohusika zilikuwa na hati safi mwaka uleule. Hakuna mgongano wowote hapo.

Zahanati isiyoisha nayo ni hivyohivyo. Milioni 50 zimetumwa kijijini kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani kujenga kwa kutumia mafundi wa kawaida bila mkandarasi, boma limefika kwenye lenta, fedha zimekwisha. Mifuko ya saruji ilinunuliwa kwa bei ya juu kuliko ya soko na nondo zilipokelewa bila kamati ya mapokezi kusaini. Kwenye hesabu, milioni 50 zinaonekana kama jengo linaloendelea kujengwa. Zilitumika kweli, jengo lipo kweli, halijaisha kweli. Bei ya saruji, saini zilizokosekana na mama anayejifungulia njiani havibadilishi tarakimu hata moja ya taarifa za fedha. Vitajadiliwa sehemu nyingine ya ripoti, na sehemu hiyo ndiyo inayopaswa kusomwa kwa sauti kwenye baraza.

Halafu kuna yale maneno "katika mambo yote ya msingi". Mkaguzi hakagui kila risiti. Anachagua sampuli, na anaweka kiwango cha thamani ambacho kosa likikivuka linaweza kumpotosha msomaji wa hesabu. Tuseme halmashauri inatumia shilingi bilioni 40 kwa mwaka, na kiwango kimewekwa asilimia 1. Hiyo ni milioni 400. Watendaji wa vijiji na mawakala wa geti la mazao na stendi wakikaa na milioni 60 za POS bila kuzipeleka benki, hizo ni asilimia 0.15 ya matumizi yote. Mkaguzi anaangalia pia aina ya kosa, kwa hiyo kiasi kidogo chenye harufu ya udanganyifu hakipiti kimyakimya, atakiandikia hoja. Ila peke yake hakitoshi kubadilisha maoni yake juu ya bilioni 40. Kwa mwenye shamba aliyetozwa ushuru wa mazao, milioni 60 ni zaidi ya darasa zima. Kwa hati, ni chini ya mstari.

Na kuna upande wa pili ambao hautajwi, unaowaumiza watumishi waaminifu. Halmashauri inaweza kupata hati yenye shaka bila mtu yeyote kuiba hata shilingi. Ardhi na majengo ya shule hayajathaminiwa. Daftari la mali za kudumu linaonyesha magari 31 na taarifa za fedha zinaonyesha thamani ya magari 27. Hati za malipo za robo moja zilihamishwa ofisi na hazionekani siku mkaguzi anapozihitaji. Salio la wadai mwishoni mwa mwaka jana halilingani na salio la kuanzia mwaka huu. Kila moja ni udhaifu halisi wa usimamizi, na kila moja linaweza kuangusha hati, lakini kumwita mweka hazina mwizi kwa sababu ya tathmini ya majengo ambayo haikufanyika ni kumwonea.

Neno "hoja" linapotoshwa vilevile. Hoja ya ukaguzi ni swali linalosubiri kielelezo au hatua. Mkaguzi anasema malipo haya hayana viambatisho. Halmashauri inaleta viambatisho, vinahakikiwa, hoja inafungwa. Ikishindwa kuvileta, hoja inabaki wazi na inajitokeza tena mwaka unaofuata kwenye sehemu ya utekelezaji wa mapendekezo ya nyuma. Hoja ya mwaka huu ni jambo la kawaida. Hoja ileile kwa miaka 4, yenye jibu la "inaendelea kufanyiwa kazi", ndiyo inayostahili kumkosesha diwani usingizi.

Anayetaka kujua kama fedha zimetumika vizuri anahitaji aina nyingine za ukaguzi, na zipo kisheria. Ukaguzi wa ufanisi unapima kama huduma imepatikana kwa gharama na ubora unaostahili: maji yanatoka, barabara inapitika, dawa zimefika. Ukaguzi wa kiuchunguzi unafuata udanganyifu unaoshukiwa, na matokeo yake yanaweza kukabidhiwa TAKUKURU na Mkurugenzi wa Mashtaka. Ukaguzi maalum unafanywa kwa kuombwa, pale jambo mahususi linapohitaji kuchimbwa. Hakuna kati ya hizi kinachotoa "hati" ya kupigiwa meza, na pengine ndiyo sababu hazitangazwi sana.

Hata hati yenyewe ina zaidi ya mstari wa kwanza. Chini ya maoni kunaweza kuwa na aya ya msisitizo wa jambo, ambapo mkaguzi anasema hesabu ni sahihi lakini msomaji asiruke jambo fulani, kwa mfano kesi ambazo halmashauri ikishindwa italipa mabilioni. Baada ya hapo kuna hitimisho kuhusu kufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma na Sheria ya Bajeti. Halmashauri inaweza kuwa na maoni safi juu, na aya tatu chini ikaambiwa ilinunua bila ushindani au ilitumia fedha mbichi, yaani makusanyo yaliyotumika kabla ya kuingia benki. Mambo haya ndiyo yanayoitwa mbele ya LAAC, kamati ya Bunge inayosimamia hesabu za serikali za mitaa, na mkurugenzi, kama afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha za halmashauri, anatakiwa kuyajibu mwenyewe.

Hati safi si kitu kidogo. Kuifikia kunahitaji wahasibu wanaofunga vitabu kwa wakati, masjala inayotunza nyaraka na mfumo unaolinganisha benki na daftari kila mwezi. Halmashauri isiyojua inamiliki nini wala inadaiwa na nani haiwezi kupanga bajeti ya maana, na anayeitoa halmashauri huko anastahili pongezi. Pongezi hiyo iende kwa kitengo cha fedha, kwa kazi waliyoifanya.

Kwa hiyo diwani anaposimama kwenye mkutano wa kata, asiseme "halmashauri yetu ni safi, CAG amethibitisha". Aseme hesabu za mwaka wa fedha fulani zimepata hati safi, kisha ataje mkaguzi aliacha hoja ngapi, zimefungwa ngapi, zilizobaki zinahusu shilingi ngapi, na ipi kati yake inaigusa kata ile. Takwimu hizo zote anazo tayari, kwenye kabrasha alilopewa kwenye baraza maalum la kujadili hoja za CAG.