Je, wajua chuo hufundishaje kusanifu chipu bila kuwa na kiwanda?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba chuo kisicho na kiwanda cha chipu hakiwezi kufundisha kuzisanifu. Niliona ni kama kufundisha ushonaji pasipo cherehani. Nilikosea kwa kuchanganya kazi mbili. Msanifu wa chipu hagusi kabisa silikoni, malighafi ya chipu. Anachokabidhi ni faili la michoro, tabaka juu ya tabaka, inayoonyesha waya upite wapi na transista, yaani swichi ndogo ya umeme, ikae wapi. Kiwanda kinachapa tu, kama mtambo wa gazeti unavyochapa kurasa ambazo haukuziandika.

Dhana yangu ilikuwa na chanzo, kwani zamani kazi zote mbili zilifungiwa ndani ya kampuni zenye viwanda. Carver Mead wa chuo cha Caltech na Lynn Conway wa maabara ya Xerox PARC, wote wa Marekani, ndio waliozitenganisha wazi, kwa kanuni chache zinazopima kila kitu kwa kipimo kimoja, lambda. Waya wa metali, kwa mfano, usipungue lambda 3 kwa upana. Ni kama kupima kwa shibiri: mkono ukiwa mdogo, kitu kinapungua, lakini hesabu ya shibiri haibadiliki.

Mwaka 1978 Conway alifundisha somo la kusanifu chipu kwa kanuni hizo katika chuo cha MIT. Michoro ya wanafunzi ilisafirishwa kwa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, ikachapwa na kampuni ya Hewlett-Packard, na chipu zikarudi baada ya wiki kama sita. Mwanafunzi mmoja, Guy Steele, alikuwa amesanifu prosesa ya lugha ya programu iitwayo Scheme!

Na gharama je? Fikiria mtaa wenye tanuri moja. Kuni ni zile zile, uoke mkate mmoja au hamsini. Basi kila nyumba inaleta donge lake, yanapangwa pamoja, moto unawashwa mara moja, na kila mtu anaondoka na mkate wake. Kwenye chipu, kuni ni vioo vya kuchapia, vinavyobeba mchoro unaochapwa kwenye silikoni, kimoja kwa kila tabaka, na bei yake haijali vimebeba michoro mingapi. Michoro ya wengi hupangwa pamoja kwenye vioo hivyo hivyo, kisahani cha silikoni kinachapwa, kisha kinakatwakatwa. Mwaka 1979 wasanifu 124 kutoka vyuo 12 walichangia tanuri hivyo kwa kazi 82. Mwaka 1981 ukaanza MOSIS, utaratibu wa kudumu wa kazi hiyo.

Kuchangia kunapunguza gharama, hakurekebishi kosa. Waya uliochorwa vibaya utarudi vibaya, ndiyo maana sehemu kubwa ya mafunzo ni kuujaribu mchoro kwenye kompyuta kabla haujatumwa. Isitoshe, lambda haitoshi kwa teknolojia za kisasa. Kanuni za teknolojia hizo ni nyingi mno, na viwanda huzitoa kwa mkataba wa usiri. Kwa hiyo nilifurahi sana mwaka 2020, Google na SkyWater, kampuni yenye kiwanda cha chipu, walipoziweka hadharani kanuni za teknolojia ya nanomita 130. Ni ya zamani, lakini mwanafunzi anaipakua na kulisoma kila tabaka bila kutia saini popote.